Baba Aliyejua Kidogo

Kuna watu wanaogopa nyoka na kuna watu wanaogopa hesabu. Mimi naogopa Jumapili saa tisa alasiri. Saa hiyo ibada zimekwisha, nguo zimefuliwa, wenye kwao karibu wamekwenda kwao, na chumba nilichopangishiwa hapa Bariadi kinabaki na mimi, ndoo, godoro na msumari mmoja ukutani. Msumari ule ulikuwa wa mwenzangu. Tulipanga pamoja tangu kidato cha kwanza. Yeye alitundika shati lake kwenye msumari, mimi nikatundika langu juu ya shati lake. Baba yake alipoingia kwenye biashara ya kununua pamba akahamia Shinyanga na mwanawe akahamishwa shule. Alibeba kila kitu chake, hadi kipande cha sabuni tulichokuwa tunagombania. Msumari tu ndio uligoma kung'oka.

Basi Jumapili nikawa nakwenda stendi kumpokea mjomba. Sina mjomba anayesafiri. Wajomba zangu wote wanaishi na ng'ombe na hawajawahi kuwaacha. Lakini ukisimama stendi bila sababu watu wanakudhani kibaka, kwa hiyo mkata tiketi aliponiuliza namsubiri nani, nikamwambia mjomba, anatoka Musoma. Basi likaja, watu wakashuka, wakakumbatiwa, wakabebewa mizigo, mjomba wangu hakushuka. Jumapili iliyofuata pia hakushuka. Kufikia ya nne mkata tiketi alikuwa ananiangalia kwa huruma.

"Dogo, hivi huyo mjomba wako ana uhakika na safari?"

"Mzito kidogo kuamua, kaka."

"Mwandikie barua."

"Nimemwandikia. Kaniambia nisubiri."

Darasani hakuna aliyejua habari hizi. Darasani mimi ndiye niliyekuwa redio. Nilimwiga mkuu wa shule anavyopiga chafya, nikamwiga mwalimu wa kemia anavyotembea kama amekalia yai, na watu wakacheka hadi madawati yakasogea. Mtu anayechekesha watu kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa nane na nusu hakuna anayemuuliza saa tisa anakula na nani.

Tulikuwa mchepuo wa ufundi. Nilichagua ufundi kwa sababu ya baba. Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye jineri ya ushirika, mashine zile kubwa zinazotenga nyuzi za pamba na mbegu. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananibeba kwenye baiskeli hadi getini, na kabla hatujafika alikuwa anasimamisha baiskeli, anainamisha kichwa, halafu anasema, "Leo ya pili inalia." Tukiingia tunakuta kweli ya pili imezimwa na watu wamekaa juu ya marobota wanamsubiri.

Kisha likaja soko huria. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, mizani ikawa kila njia panda, ushirika ukaishiwa nguvu, na ile jineri ikapata mwenyewe mwingine. Mwenyewe mpya akaleta meneja kijana, mwenye kalamu tatu mfukoni, akawaita mafundi wote wa zamani mmoja mmoja mezani kuwahoji upya. Baba akaenda amevaa shati la kanisani. Akarudi mchana. Akachukua jembe lake, na mwaka ule tukahamia Zagayu kulima pamba ambayo zamani alikuwa anaichambua.

Kilichotokea pale mezani niliambiwa na mama baadaye sana, tukiwa tunamenya viazi vya kukausha kuwa michembe. Meneja alimuuliza swali moja tu: "Mzee, unajua mashine hizi?" Baba akakunja mikono, akaangalia chini kama anavyofanya mtu mwenye adabu, akajibu, "Najua kidogo." Meneja akaandika. Akaita, "Mwingine!"

"Sasa kwa nini alisema kidogo?" nilimuuliza mama.

Mama akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini watu wanavaa nguo. "Ulitaka ajisifu? Mbele za watu?"

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, akaja mwalimu mpya wa ufundi mitambo, mwanamke, na tulimwita Madam kama wanavyoitwa walimu wote wa kike. Tulitegemea tupa na msumeno. Alhamisi ya kwanza, kipindi cha mwisho, akaingia na mwalimu wa kilimo. Alhamisi ya pili akaja na mwalimu wa uraia, mzee anayelala katikati ya sentensi zake mwenyewe. Nikanyoosha mkono.

"Madam, samahani, hivi grisi ni ya uraia au ya kilimo?"

Darasa likalipuka. Yeye hakukasirika. Alisubiri kelele ziishe, akasema, "Mashine ikiharibika kwa sababu mkulima ameweka maji kwenye pamba ili iongeze uzito, na mkulima ameweka maji kwa sababu mnunuzi anapunja mizani, wewe fundi utatengeneza nini hapo kwa spana?"

Nikakohoa.

Halafu akaleta kituko chake kikubwa. Kila mmoja wetu achague mashine moja, aende kwa watu wanaoifanyia kazi, awasikilize, kisha arudi asimame mbele ya mpishi wa shule na kumweleza. Tena mpishi mwenyewe, yule mama wa mwiko mkubwa, aliyetuhesabia maharage kama dhahabu. Mpishi akielewa, umefaulu. Asipoelewa, umefeli, hata kama michoro yako imenyooka.

Na kulikuwa na zawadi. Jineri, ileile, ilikubali kumchukua mwanafunzi mmoja likizo ya mwezi wa sita, msimu wa pamba unapoanza, ajifunze kazi, alale humohumo ndani kwenye mabanda ya mafundi. Mmoja tu. Madam angepeleka wawili, meneja angechagua.

Nisidanganye. Nilichosikia mimi ni "alale humohumo". Mabanda yenye vitanda sita sita, watu wanakoroma, mtu anakuuliza mbona hujala, mtu anakuibia viatu. Wiki sita bila Jumapili hata moja ya stendi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Jumamosi nikadandia lori hadi Zagayu. Nikamkuta baba shambani anavuna, na kila pamba aliyoitoa kwenye kitumba aliiangalia kwanza. Nyeupe aliitia kwenye mfuko wa kulia, yenye madoa na majani kwenye mfuko wa kushoto. Safi na fifi, kama walivyofundishwa enzi za ushirika.

"Mwadila, baba," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mhola huko?"

"Mhola tu. Baba, siku hizi wanunuzi wanachanganya yote, bei ni moja. Unajichosha."

Akatembea hatua tatu, akainama kwenye shina lingine. "Mashine haichanganyi," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya asubuhi nzima. Nilikuwa na daftari na maswali kumi na mawili. Niliuliza la kwanza, rola ya ngozi inafanya nini. Akasema, "Inavuta." La pili, kisu kinafanya nini. "Kinazuia mbegu." Kufikia la tano nilikuwa naandika majibu kabla hajajibu. Lakini jioni, jua likiwa bado liko juu ya matuta, alichukua mpini wa jembe, akauzungushia kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu, akanipa pamba niilishe, akaubana ubao juu yake na kuuzungusha mpini polepole. Nyuzi zikapita. Mbegu zikabaki nyuma, zikaruka. Kisha akailowesha pamba kwa mate na kuipitisha tena. Ngozi ikaanza kung'aa na kuteleza, pamba ikajikusanya kama uchafu wa kitovu. Alinishika mkono, akauweka juu ya ngozi nisikie joto.

Nilirudi mjini na joto lile kwenye kiganja na daftari lenye mistari mitano.

Alhamisi nikasimama mbele ya mpishi. Ningeweza kumwonyesha mpini na ngozi. Badala yake nikaona darasa zima linanisubiri, midomo tayari imefunguka, na nikafanya ninachojua. Nikawa rola. Nikawa mbegu inayolia mama. Nikawa mnunuzi anayekanyaga mizani kwa kisigino huku anaomba Mungu ambariki mkulima. Mpishi alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga. Alipotulia akaniuliza, "Haya mwanangu. Sasa hiyo mashine inafanyaje?"

Nikazungusha mikono tena kama rola, na yeye akaendelea kunitazama.

Aliyenifuata ni msichana pekee wa mchepuo wetu, anayekaa dawati la mbele na hachekagi vituko vyangu, jambo ambalo nilikuwa nimemwekea kinyongo. Alimwambia mpishi: "Mama, unapochagua mchele, mkono mmoja unavuta, mwingine unazuia mawe. Basi rola ni mkono huu, kisu ni huu." Mpishi akaangalia mikono yake miwili kana kwamba ameipata siku ile. Akasema, "Kumbe."

Madam alimpeleka yeye. Na alinipeleka mimi, sijui kwa nini. Nilipomuuliza akasema, "Wewe unaweza kuongea. Bado hujaamua unaongea nini."

Meneja alikuwa na kalamu zile zile tatu. Msichana aliingia kwanza, akatoka baada ya dakika kumi. Nilikuwa nimejiandaa: nitanyoosha mgongo, nitamwangalia machoni, nitasema ninachokijua, kama Madam alivyotufundisha. Nikaketi. Nyuma ya ukuta mashine zilikuwa zinanguruma kwa majaribio. Akauliza bila kuinua macho:

"Unajua mashine hizi?"

Na mdomo wangu, mdomo huu unaoongea hadi usingizini, ukasema, "Kidogo."

Nakwambia sikulichagua neno lile. Mikono ilikuwa imeshakunjana magotini, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu. Niliona kalamu ikishuka kwenye karatasi, nikajua anachoandika, nikajua na baba aliiona kalamu hiyohiyo.

"Lakini baba yangu anazijua!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa kama ya mnadani. Basi nikashindwa kunyamaza. Nilimweleza baiskeli na kichwa kilichoinama, ile ya pili iliyokuwa inalia, mpini wa jembe na ngozi ya kiatu, pamba iliyolowa inavyoifanya rola kuwa kioo. Mzaha hata mmoja haukunitoka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuongea dakika tano bila mtu kucheka.

Meneja akaweka kalamu chini. "Kuna mashine hapa inachoma rola kila baada ya siku mbili. Huyo baba yako yuko wapi?"

"Zagayu. Lakini ulishamhoji, bwana. Ndipo tukahamia huko."

"Simkumbuki. Mwambie aje."

Nafasi ya mwanafunzi akapewa msichana. Yeye alisema waziwazi, hili naliweza, hili sijui, hili naomba nifundishwe. Ni haki yake. Nilimpongeza kwa kumwiga anavyopongezwa. Hakucheka.

Nikaenda Zagayu tena na ujumbe. Baba alikuwa anafunga pamba kwenye mashuka. Nikamwambia meneja anakuita jineri. Akasema, "Ehe." Akaendelea kufunga. Nilisubiri hadi jua la saa kumi, nikarudi mjini kwa miguu nusu ya njia. Hakwenda Jumatatu, hakwenda Jumanne. Wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama peke yake jikoni. "Anataka kwenda," akaninong'oneza. "Shati kalifua mwenyewe. Lakini kaitwa mara moja tu. Akienda hivyo watasema alikuwa kakaa anangoja."

"Sasa anataka aitwe mara ngapi?"

"Kwani wewe hujakulia hapa? Mara ya pili ndiyo ya kweli."

Meneja yule hawezi kumwita mtu mara ya pili. Anasema "Mwingine!" Hivyo nikafanya kazi ambayo nimeisomea tangu utotoni. Nikaenda shambani mbio, nikajipaka vumbi usoni, nikafika nahema.

"Baba! Meneja kanituma tena. Kasema tafadhali."

Baba akasimama. "Kasema tafadhali?"

"Mara mbili. Ya pili alisimama."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Sijui kama aliamini. Ila aliweka mfuko chini, akapiga mikono yake kukung'uta vumbi, akasema, "Basi mtu akikubembeleza hivyo utafanyaje."

Tulifika jineri Jumatatu asubuhi. Nilitoroka vipindi viwili. Meneja alitoka hadi getini na jasho shingoni. Ile mashine ilikuwa imewachosha tena. Akamtazama baba kuanzia viatu hadi kofia.

"Mzee, unajua mashine hizi?"

Nikamwona baba akikunja mikono. Nikaona macho yakishuka. Nikataka kumziba mdomo.

"Najua kidogo."

Meneja akanigeukia mimi kwa uso wa mtu aliyepotezewa muda, akageuza mgongo. Alikuwa amepiga hatua moja, mbili. Na hapo nikamkumbuka mpishi. Huyu naye hajui. Hajawahi kuelezwa.

"Bwana meneja, ngoja. Huku kwetu fundi hajisifu, anasifiwa na mwenzake. Mtu wa hapa mwenye zizi lililojaa hadi ng'ombe wanalala nje, ukimuuliza kama ana ng'ombe atakwambia ana viwili vitatu vya kusukuma siku. Ukiandika viwili umekosea wewe. Usimuulize anajua nini. Muulize mashine ina nini."

Meneja akasimama. Sijui ni jua au ni nini. "Haya, mzee. Mashine ina nini?"

Baba akainamisha kichwa upande, vilevile kama kwenye baiskeli. Kelele zilikuwa zinakuja kupitia ukuta wa mabati. Alisikiliza kiasi cha mtu kunywa maji.

"Ile ya mwisho upande wa mlango," akasema. "Rola imepata joto, inateleza. Mnailisha pamba mbichi. Kisu nacho mmekibana mno. Na anayelisha anaogopa, analisha kwa kushtukashtuka. Mbadilisheni au mtulizeni."

Meneja alimfungulia geti yeye mwenyewe. Baba akaingia, na mimi nikamfuata, na mkono wa mlinzi ukanikuta kifuani.

"Wanafunzi hapana. Wa kwenu keshachaguliwa."

Geti likafungwa. Nilisimama pale nje na mfuko wa michembe ambao mama alimfungia baba na ambao baba, kwa haraka, alikuwa ameniachia. Baada ya muda ngurumo moja ikapungua kati ya zile nyingine, ikazima. Kimya kidogo. Halafu ikaanza tena, ikiwa na sauti nyingine, laini, kama mtu aliyekwisha kulia. Sikuwa na mtu wa kumwambia, umesikia? Nikala michembe nikarudi darasani nikachapwa.

Baba amepewa kazi ya msimu. Analala humo humo, kwenye mabanda yale. Kazi ni mchana na usiku na hawatoki, na mimi niko mtaa wa tatu kutoka ukuta wa jineri na sijamwona tangu siku ile. Likizo imeanza. Wenzangu wamekwenda kwao. Mimi nimebaki chumbani kwa sababu nikienda Zagayu ninamkuta mama tu, na hapa angalau nasikia mashine.

Juzi Jumapili saa tisa nikaona afadhali niende stendi. Nikamkuta huko yule msichana, amepewa ruhusa akapokee mzigo wake.

"Baba yako!" akaniambia kabla hata ya salamu. "Mzee anaongea yule! Hanyamazi. Nimejaza daftari zima."

"Baba yangu mimi?"

"Ukimuuliza mara moja anasema sijui. Uliza mara ya pili, ya tatu, kaa chini. Anafungua kama mto."

Akanipa daftari nilisome hadi atakaporudi na mzigo. Nikakaa kwenye benchi la abiria. Mwandiko wake ni mzuri, wa kukera. Kurasa na kurasa: namna ya kuchonga mifereji kwenye ngozi ya rola, namna ya kupima nafasi ya kisu kwa kipande cha karatasi, pamba ya Itilima inavyotofautiana na ya Maswa ukiishika. Maneno ambayo sijawahi kuyasikia kwake miaka yote, yameandikwa na mtu mwingine. Mahali pengine alikuwa amemnukuu kabisa, neno kwa neno, hadi nikamsikia.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache tu, ameandika pembeni kwa penseli.

"Nimemuuliza kama mwanawe naye anajua mashine. Akasema hajui. Nimemuuliza tena. Akacheka peke yake. Akasema: anajua kidogo."

Nikausoma tena. Basi la Musoma likaingia, watu wakashuka. Mkata tiketi akanipungia mkono kutoka dirishani.

"Vipi dogo, mjomba?"

Nikamwonyesha daftari kwa juu, kana kwamba ni jibu, na yeye akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea kukata tiketi.